Mwandikeni na Babake Kibaoni

Mgeni akiingia Mombasa na karatasi iliyoandikwa jina la barabara atazunguka hadi jua limpige utosini, kisha muuza madafu atamwuliza, "Wenda kwa nani?" Sisi watu wa kisiwa hiki hatuendi barabarani, twaenda kwa mtu. Kwa fundi fulani, kwa mwalimu fulani, kwa bibi mwenye kisima. Mwenyewe hufa, nyumba ikabomolewa, na pahala pale pakabaki na jina lake miaka na miaka, hata vijana wasiomjua wakawa wanalitaja wakimwelekeza dereva wa tuktuk. Vibao vya serikali navyo vina umri wao, na si mrefu. Salim Road ya wazee wetu sasa ni Digo Road. Kilindini Road ni Moi Avenue. Huko Nairobi, Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, na Hardinge Street ikawa Kimathi Street. Aliyeshika dola ndiye ashikaye brashi ya rangi, na akiondoka huja mwingine na brashi yake.

Nayasema haya kwa sababu kuna kichochoro kimoja mtaani Majengo, ambacho mtu huanza na kumaliza kukipita kabla sigara yake haijaisha, na wakazi wake wameamua kukiombea jina rasmi kwa kaunti. Wanayetaka kumuenzi ni mzee aliyekwenda Vita vya Pili vya Dunia, akarudi 1946, akaishi humo nusu karne akiwahudumia majirani bila kupokea hata senti moja, akafariki katikati ya miaka ya 1990. Jina lake kamili sitaliandika leo. Bintiye mkubwa ameniomba lisitangulie gazetini kabla halijapanda ukutani, na ombi la mwenye mali halikataliwi. Nitamwita kama alivyoitwa na mtaa mzima: Bama. Walioitwa hivyo katika nchi hii walikuwa wengi. Aliyerudi kutoka Burma hakukosa kubandikwa lakabu hiyo. Nairobi liko hata soko la nyama, upande wa Jogoo Road, liitwalo Burma, na jina lake hunasibishwa na askari hao hao.

Kamati ya kichochoro ilinitaka nitunge ubeti wa siku ya kutundika kibao. Nikaenda kuwasikiliza kwanza, maana mtu hatungi asilolijua. Nilidhani nitawakuta wakibishana juu ya fedha, kama ilivyo desturi ya kamati. Kumbe wanabishana juu ya neno moja lenye herufi tatu: bin.

Baadhi wanataka kibao kiseme "Mzee Bama" basi, kwa kuwa ndivyo kila mtu amjuavyo. Wengine, na mbele yao ni bintiye, wanataka jina lake alilopewa na mamake, kisha bin, kisha jina la babake. Ukimsikiliza mpita njia atasema ni jambo dogo hilo. Si dogo, na ili msomaji aupime uzito wake hana budi kurudi nami nyuma hadi 1917.

Mwaka huo vita vya Waingereza na Wajerumani vilikuwa vimezama kusini, ndani ya nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika. Mbele ya jeshi hapakuwa na reli wala barabara za magari, na mbung'o walikuwa wamewamaliza punda na ng'ombe wa mizigo, hivyo kila gunia la unga na kila sanduku la risasi sharti lende kichwani mwa mtu. Serikali ya kikoloni ikafanya msako mkubwa wa wanaume katika nchi hii nzima. Kikosi chenyewe Waingereza walikiita Carrier Corps. Wazee wetu wakakitamka Kariakoo, na kambi zake ndizo zilizozaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, ambako leo watu hununua vikapu na kula nyama choma bila kujua wamesimama juu ya nini. Katika vita vile kwa jumla Waingereza waliwatumia wapagazi zaidi ya 400,000. Waliokiriwa rasmi kuwa walikufa wanapita 40,000, na wako wanahistoria wanaotaja hesabu inayokaribia 100,000. Hawakuuawa sana na risasi. Waliuawa na kuhara damu, na malaria, na njaa, na unga ulioliwa haujaiva kwa sababu hapakuwa na wakati wala kuni za kuupika.

Mpagazi alivishwa kibati chenye nambari. Jina lake liliandikwa na karani ambaye mara nyingi hakujua lugha yake, na kijiji chake kikaandikwa kwa kubahatisha. Vita vilipokwisha, mishahara ya maelfu ya waliokufa haikuwafikia jamaa zao, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba hao jamaa hawakuweza kupatikana. Ama kweli! Siku ya kumchukua mtu nyumba yake ilionekana. Siku ya kumlipa ikapotea.

Babake Bama alikuwa Mdigo wa upande wa Kwale. Alichukuliwa mkewe akiwa mjamzito, na hakurudi. Haikuja barua, haikuja pesa, na kaburi halikujulikana liko wapi, kwa hiyo hata hitima ilisomwa kwa kukisia. Mtoto alizaliwa mwaka ule ule. Akapewa jina, na baada ya jina bin, na baada ya bin jina la mtu ambaye hakuwahi kumtia machoni.

Mwaka 1942 mtoto yule, sasa mwanamume wa miaka 25, akajiandikisha mwenyewe katika jeshi la Mfalme. Kwa nini mwana wa mtu aliyemezwa na vita vya Mzungu ajipeleke kwa miguu yake katika vita vingine vya Mzungu? Niliwahi kumwuliza hivyo, nikiwa kijana wa ndevu za kwanza na maswali mengi. Alinijibu kwamba mshahara wa askari ulikuwa mzuri kuliko wa hamali, kisha akaniambia nimpishe apite.

Hakupewa bunduki ya kutamba nayo. Alitiwa katika kikosi cha matibabu, kazi yake kubeba machela. Wanajeshi wa huku walisafirishwa kwa bahari hadi Ceylon, na safari yenyewe ilikuwa vita kabla ya vita. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini hapa hapa, ikielekea Colombo, na tarehe 12 ya mwezi huo nyambizi ya Kijapani ikaipiga karibu na visiwa vya Maldives. Walikufa watu wapatao 1,297, na zaidi ya 600 kati yao walikuwa wa kikosi kimoja tu cha mizinga cha Afrika Mashariki. Mombasa ina mabaharia wengi na tenzi nyingi za bahari, lakini ni nadra kumsikia mtu akiitaja meli hiyo.

Bama alisafiri kwa meli nyingine, akafika. Kuanzia Agosti 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, iliteremka bonde la Kabaw katikati ya mvua za masika ya Asia, ikiwasukuma Wajapani hadi mto Chindwin. Bonde lile lilikuwa na malaria kali na matope ya kufika magotini, na mahali pengi magari hayakupita kabisa. Majeruhi alibebwa na watu wanne, saa nyingi, kwa njia inayoteleza. Baba alikuwa amebeba mizigo ya vita; mwana alibeba watu waliovunjwa na vita. Yeye mwenyewe hakuwahi kuyasema maneno hayo. Ni mimi nayasema, na kama ni mapambo ya mshairi, nisamehewe.

Alirudi na medali, koti zito lisilofaa kwa joto la Mombasa, na kiinua mgongo kidogo. Mwaka 2019 ndipo uchunguzi wa waandishi wa habari ulipoyaweka wazi mahesabu: katika kuagwa, askari mweusi wa makoloni alipewa hata theluthi moja tu ya alichopewa mweupe wa cheo sawa na chake. Kwa fedha zile Bama alinunua mkokoteni.

Sasa nije kwenye mkokoteni huo, kwani ndio kiini cha habari yote.

Mchana ulikuwa wa riziki. Aliusukuma bandarini na sokoni kama hamali yeyote, magurudumu mawili ya gari kuukuu na mikono miwili mirefu ya mbao. Usiku ulikuwa wa mtaa. Wakati ule nyumba za Majengo zilikuwa na milango isiyofungwa kwa makufuli mengi, na simu ilikuwa kitu cha ofisini. Mke akishikwa na uchungu saa nane za usiku, mume hakukimbilia gari, kwa sababu gari halikuwepo, na lingekuwepo lisingeingia kichochoroni. Alikimbilia dirisha la Bama na kugonga mara tatu. Godoro la sufi lilikuwa tayari limekunjwa nyuma ya mlango, pamoja na taa ya kandili na shuka safi ambayo mkewe aliifua kila baada ya safari. Hakuuliza mtu dini wala kabila. Alipelekwa Mjaluo wa reli, Mkamba mchonga vinyago, Mbajuni, Mhindi muuza duka ambaye mchana aliwakopesha wote kwa daftari. Wakati wa mgomo mkuu wa Januari 1947, ulioilaza Mombasa nzima, naye akiwa mmoja wa wagomaji, mkokoteni wake wa mchana uligoma, wa usiku haukugoma.

Penye njia nyembamba kuliko mkokoteni alitumia machela aliyojitengenezea: boriti mbili nyembamba za mikoko na gunia lililoshonwa maradufu. Vijana wa kichochoro aliwafundisha kuibeba, na hapo ndipo nilipomjua. Somo lake la kwanza lilitushangaza. Sisi tulidhani mwanajeshi atatufundisha kwenda mguu sawa, kushoto kulia kama gwaride la sikukuu. Alitukaripia. Alisema wabebaji wakipiga hatua pamoja machela huyumba kama mashua, na mgonjwa aliyevunjika mfupa huona kila hatua. Kwa hiyo kila mmoja aanze kwa mguu wake, hatua zipishane, magoti yalegezwe. Mgonjwa atangulize miguu, ila mkipanda mlima geuzeni atangulize kichwa. Msimwambie atapona, maana hamjui. Mwambieni mmefika wapi. Nimesoma vyuo kadhaa tangu siku hizo, na mafunzo mengi yamenitoka, lakini hayo hayajanitoka.

Mamangu mzazi alipandishwa mkokoteni ule usiku aliozaliwa mdogo wangu. Husema hakuhofu ila kitu kimoja, kwamba Bama alikuwa akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa lugha asiyoielewa, akaona aibu kumwambia anyamaze.

Hivyo basi, nani angepinga mtu kama huyo kupewa kichochoro? Wako, na hoja zao si za kupuuzwa.

Kijana mmoja, mwalimu wa historia, alisimama katika kikao akauliza kwa nini tumtukuze askari wa mkoloni. Alikumbusha kwamba jeshi lile lile la KAR ndilo lililopelekwa msituni baada ya 1952 kuwasaka Mau Mau. Ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba Waruhiu Itote, Jenerali China wa Mau Mau, alikuwa koplo wa KAR huko huko Burma, na kwamba Bildad Kaggia, mmoja wa wale sita wa Kapenguria, alivaa sare ya Mfalme kabla ya kuvaa pingu zake. Watu wale walikwenda wakiwa raia wa chini, wakarudi wameona Mzungu akiogopa, akitoka damu na kulilia mamake kama mtu yeyote. Kijana hakuridhika sana na jibu hilo, wala sidhani alipaswa kuridhika upesi. Alichosema mwisho kilinigusa: basi msimwandike kwa vita, mwandikeni kwa mkokoteni. Na hapo kamati nzima iliafikiana, ikafuta neno "Askari" lililokuwa mbele ya jina.

Hoja ya pili aliitoa shehe wetu, kwa upole. Tenda wema nenda zako, alisema. Sadaka bora ni ile ambayo mkono wa kushoto haujui mkono wa kulia umetoa nini. Je, hatumharibii marehemu thawabu zake kwa kuzitangaza ukutani? Nilijibu kadiri ya elimu yangu ya chuoni, ambayo ni ya msahafu na mjeledi: yeye alificha, naye ana malipo ya kuficha, sisi tuliotendewa hatukuagizwa kuficha. Shehe akatabasamu, akasema mshairi hakosi neno. Sijui kama alikubali au alichoka.

Iliyobaki ni hoja ya bin, nayo ndiyo iliyowagawa. Wenye kupenda "Mzee Bama" wanasema jina rasmi refu litakufa kibaoni, na watu wataendelea kusema "Kwa Bama" kama kawaida. Nao wasema kweli, na mimi nawaambia ndiyo sababu ya kuliandika lile jingine! "Kwa Bama" halihitaji kibao. Limejishika lenyewe midomoni, halina msumari wa kung'olewa na diwani wala gavana. Ila Bama ni jina la nchi ya watu. Ni jina alilopewa na vita, kama vile Kariakoo ni jina lililotolewa na vita, na ndani ya majina hayo mawili wamezikwa watu wasiohesabika wenye majina yao wenyewe.

Msomaji akipita Jomo Kenyatta Avenue, upande wa Mwembe Tayari, atauona mnara wa askari wa vita vya kwanza, ndugu wa ule wa Kenyatta Avenue, Nairobi. Maandishi ya minara hiyo, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yanawasifu wapagazi na kuahidi kuwa wana wa aliyekufa watalikumbuka jina lake. Nimeuzunguka mnara huo mara nyingi tangu utotoni nikilitafuta jina la mpagazi hata mmoja. Halimo. Haikuwa bahati mbaya. Ndivyo ilivyoamuliwa, kwamba makaburi ya Wazungu yawekwe mawe yenye majina na Waafrika watoshelezwe na sanamu. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Novemba 2023 Mfalme Charles III akaja akaweka shada la maua katika makaburi ya Kariokor. Januari 2025 ukazinduliwa Cape Town mnara wa wafanyakazi weusi wa vita vile wa Afrika Kusini, majina 1,772, kila mmoja na nguzo yake ya mti. Nguzo moja, jina moja. Ndivyo itakiwavyo, na imechukua zaidi ya miaka 100.

Sasa bintiye Bama, mama wa miaka sabini na ushei, hangoji tume. Ana ukuta wa kichochoro na kibao cha bati. Akiandika jina la babake na bin, basi jina la babuye, yule wa 1917, litaandikwa hadharani mara ya kwanza tangu karani aliandike na kulipoteza. Chuoni tulifunzwa kwamba siku ya ufufuo mtu ataitwa kwa jina lake na la babake. Wazee hawa wawili, naona, wangefaa kuanza kuitwa mapema.

Kura ilipopigwa, bin ilipita kwa watu wawili. Ubeti walionitaka ni huu:

Alibeba majeruhi, mvuani na matopeni,
Usiku hata subuhi, mkokoteni ndiani,
Andikeni kwa sahihi, na babake mtajeni,
Lisende pamwe na ruhi, jina kuzikwa shimoni.

Barua imekwenda kwa kaunti, ikiwa na sahihi za nyumba zote isipokuwa mbili, ambazo wenyewe wako Jeddah. Fundi wa vibao amekuja na futi yake, akasema bati alilo nalo halitoshi kwa mstari mmoja; akakubali mistari miwili, mwana juu, baba chini, kwa nyongeza ya bei ambayo vijana wa bodaboda wamekwishaichanga. Kisha akatoa penseli sikioni akauliza jina la chini laandikwaje, lina H mwanzoni au halina, maana kila mtu pale alilitamka kivyake. Hakuna aliyejua. Hakuna aliyewahi kuliona limeandikwa. Bintiye amefunga safari ya Kwale kumwuliza shangazi yake mmoja aliyebaki, ambaye alimsikia nyanya akilitaja.

Fundi ameanza mstari wa juu.